Je, Wajua? Baiskeli ya Chuma Chakavu Hutaja Yenyewe Ilikotoka

Je, wajua kwamba baiskeli iliyoliwa na kutu mpaka jina likafutika bado inaweza kukutajia kiwanda kilichoiunda, na wakati mwingine hata mwezi na mwaka wake? Pita Gerezani, jirani na Kariakoo, ambako nyundo hulia tangu asubuhi. Kwenye marundo ya chuma chakavu, kati ya kompresa za friji na mabati yaliyokunjwa, hukosi kukuta fremu moja nyeusi, ndefu, yenye usukani uliorudi nyuma. Mnunuzi huipima kwa kilo. Ikitoka hapo hupakiwa kwenda kiwandani, ikayeyushwa, ikawa nondo. Nondo tunazihitaji, maana jiji linajengwa. Ila baadhi ya fremu hizo zilianza kuteleza kwenye lami ya Posta wakati Barabara ya Samora ikiitwa Acacia Avenue, na inaniuma kuona zinakwenda kwenye tanuru kwa sababu tu hakuna aliyejua kuzisoma.

Basi tuzisome.

Anzia shingoni, yaani lile bomba fupi la mbele linaloshika usukani. Kiwanda kilibandika hapo nembo ya shaba au ya bati, ikafungwa kwa ribiti ndogo mbili au zaidi. Nembo nyingi zimeng'olewa, lakini usikate tamaa. Matundu ya ribiti hubaki, na rangi iliyokuwa imefunikwa na nembo haikupigwa jua, kwa hiyo umbo lake huonekana ukilowesha kidole mafuta na kupangusa taratibu. Umbo la ngao, la yai au la duara tayari limekupunguzia nusu ya kazi.

Kisha inama utazame gia kubwa, ile inayozungushwa na pedeli. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Viwanda vya Uingereza vilipotoboa gia ili iwe nyepesi, vilitoboa kwa michoro. Ukiona vichwa vya korongo vyenye midomo mirefu, hiyo ni Raleigh ya Nottingham. Ukiona watu watano walioshikana wakizunguka duara, ni Humber. Kiganja cha mkono kilichonyooshwa ni Rudge. Herufi B, S na A ni za BSA ya Birmingham, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kutengeneza bunduki, na ndiyo sababu nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Michoro hii ilikatwa ndani ya chuma chenyewe. Hata baiskeli ikipakwa rangi ya mageti mara nne, korongo yupo pale pale.

Tatizo ni kwamba humwoni mara moja. Grisi ya zamani ikichanganyika na vumbi la Kariakoo huganda ikawa ngumu na nyeusi, ikaziba matundu yote. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, kiache juu ya gia kwa muda, kisha kwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi itachuna kromu iliyobaki. Uchafu huanza kutoka kwa vipande, na mara unaona jicho la ndege, halafu mdomo, halafu shingo iliyopinda. Nimewaona vijana wa kijiweni wakiacha kazi zao kuja kutazama korongo akitokea.

Lakini usiamini shahidi mmoja. Gia huhamishwa kutoka baiskeli moja kwenda nyingine, na fundi aliyekosa gia ya Humber alifunga ya Raleigh, mteja akaenda zake. Tafuta ushahidi wa pili. Humber nyingi za zamani zina foki ya mbele isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote: kila mguu wa foki una mabomba mawili membamba yanayoshuka sambamba, badala ya bomba moja nene. Huo hauhamishwi kirahisi.

Je, wajua kwamba majina hayo mengi yaliishia kwa tajiri mmoja? Raleigh iliichukua Humber mwaka 1932, ikaichukua Rudge mwaka 1943, na mwaka 1957 ikanunua biashara ya baiskeli ya BSA. Kwa hiyo ukikuta Humber ya miaka ya 1950 ina vipuri vyenye chapa ya Nottingham, hujauziwa mchanganyiko. Ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Raleigh yenyewe ilipewa jina la mtaa. Kulikuwa na karakana ndogo Raleigh Street, mjini Nottingham, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo Frank Bowden, tajiri aliyeshauriwa na daktari apande baiskeli kwa ajili ya afya yake. Baiskeli ikamfaa kiasi kwamba akaingia ubia, na mwishoni mwa 1888 kampuni ya Raleigh ikaundwa. Korongo alitoka kwenye alama ya ukoo wa Bowden. Mwaka 1951 kiwanda kilikuwa kinatoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipakiwa melini kwenda nje. Afrika Mashariki ilikuwa soko muhimu. Tangazo lao lililosambaa sana barani lilimwonyesha Mwafrika akipiga pedeli huku simba akimkimbiza na kumkosa, chini yake maneno ya kusifu baiskeli ya chuma kitupu. Matarishi na makarani waliokuwa wakienda ofisini Posta hawakukimbizwa na simba, lakini sifa ya chuma kitupu waliithibitisha wenyewe: fremu hizo zimewazika wenye nazo wa kwanza na wa pili, na bado zimenyooka.

Je, wajua mahali ambapo mwaka umeandikwa? Watu wengi hutafuta namba ya fremu, iliyogongwa chini ya kiti au chini ya ekseli ya pedeli. Iandike, itakufaa kwa mambo ya umiliki, lakini kwa Raleigh namba hiyo peke yake huwapotosha hata wataalamu. Tazama habu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi zilizokuja huku zilikuwa za gia moja. Ukibahatika kupata ya gia tatu, habu yake nene itakuwa imeandikwa Sturmey-Archer, na pembeni herufi AW zikifuatwa na tarakimu. AW 62 5 maana yake habu ilitengenezwa mwezi wa tano mwaka 1962. Nayo habu inaweza kuwa ilibadilishwa, kwa hiyo mwaka wake uwiane na mambo mengine ya baiskeli kabla hujaanza kujivuna.

Hiyo AW inastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa ni kifaa cha ajabu. Iliingia sokoni mwaka 1936. Gia zote tatu zimefichwa ndani ya habu, hazioni mchanga wala mvua. Ya kati hupeleka mwendo moja kwa moja, ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo, ya tatu huongeza kwa theluthi. Kwenye ganda lake kuna kifuniko kidogo cha kutilia mafuta, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea kwa nia njema: wanaijaza grisi. Ndani mna vijino vidogo vyenye springi nyembamba kama uzi, na grisi nzito huvigandisha, gia zikaanza kuteleza. Inataka mafuta mepesi, ya cherehani yanatosha. Nimeshuhudia habu iliyotupwa kwa kuitwa mbovu ikirudi kazini baada ya kuoshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa kijiko cha mafuta mepesi. Kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kilifungwa mwaka 2000, jina likauzwa kwa kampuni ya Sun Race ya Taiwan, na mpaka leo habu za gia tatu zenye jina hilo zinatengenezwa huko.

Je, wajua kwa nini kikombe kipya cha gololi cha ekseli ya pedeli kinaweza kukataa kuingia kwenye Raleigh ya zamani, ingawa kwa macho kinalingana kabisa? Ni nyuzi za skrubu. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza kina nyuzi 24 kwa kila inchi. Raleigh walijiwekea kipimo chao: nyuzi 26. Kikombe kipya huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka hutia spana ndefu na kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo fremu iliyodumu miaka sabini inapouawa kwa dakika moja, kwa kuwa nyuzi za ndani zikikatika hakuna duka Kariakoo litakalokuuzia nyingine. Kikikaza, acha. Safisha vikombe vya zamani uvirudishe. Mara nyingi kilichokwisha ni gololi na ekseli, vikombe bado vizima. Ubaya wa jambo hili una faida yake: kikombe cha kawaida kikikataa kuingia wakati nyuzi za fremu ni safi, umepata dalili nyingine kwamba fremu iliyo mikononi mwako ilitoka Nottingham.

Mtego wa pili ni tairi. Ukienda dukani ukasema unataka tairi la inchi 28, unaweza kupewa vitu viwili visivyoingiliana. Baiskeli kubwa za zamani, za Uingereza, India na China, hutumia 28 kwa 1½, na mahali tairi linapokaa kwenye rimu kipenyo chake ni milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa kutoka Ulaya nazo huitwa za inchi 28, lakini rimu zake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halivaliki kwenye rimu ya nyingine hata ukilivuta kwa vyuma viwili. Soma tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 635 ndiyo unayoitaka. Kwa bahati njema Kariakoo haijawahi kuyakosa matairi haya, kwa sababu baiskeli za mkaa, za mikate na za madafu bado zinayala kila siku.

Rimu nazo zina siri yake. Breki za fimbo, zile zisizo na waya wa kebo, hazibani rimu kwa pembeni. Ukivuta mkono wa breki, fimbo hupandisha vipande viwili vya mpira mpaka vigonge rimu kwa upande wa ndani, unaotazama habu. Ndiyo maana rimu hiyo imejikunja kuwa na mfereji katikati na mabega mawili. Ukifunga rimu ya kisasa, mipira inakosa pa kushika. Na mvua ikinyesha, chuma chenye kromu huteleza. Punguza mwendo mapema ukishuka kuelekea Kivukoni.

Je, wajua kwamba reli ya TAZARA ina undugu na baiskeli za Kichina zilizojaa nchini? Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, kwa mkopo wa China. Sehemu ya gharama zilizolipwa humu nchini, kwa mfano mishahara, ilipatikana kwa njia ya pekee: Tanzania na Zambia ziliagiza bidhaa za China kwa mkopo, zikauzwa madukani, na fedha za mauzo zikalipia ujenzi. Mlango ulifunguka, na bidhaa za Shanghai zikawa kitu cha kawaida katika nyumba zetu. Phoenix ya Shanghai ndiyo jina lililotia mizizi zaidi kwa upande wa baiskeli. Chimbuko la kampuni hiyo ni duka la baiskeli lililofunguliwa mwaka 1897, ingawa jina la Phoenix lenyewe ni la mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu yake wa mji huo huo, Forever, utamtambua kwa nembo iliyochorwa kwa ustadi mkubwa: maandishi mawili ya Kichina yaliyopangwa mpaka yakawa umbo la baiskeli. Wa tatu, Flying Pigeon wa Tianjin, alizaliwa kwa jina hilo mwaka 1950, na Februari 1989 serikali ya China iliwazawadia baiskeli za aina hiyo Rais George H. W. Bush wa Marekani na mkewe walipozuru Beijing.

Wote watatu waliiga umbo la baiskeli kubwa ya Kiingereza: magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, kava ya cheni, fremu iliyolala kidogo nyuma. India ilifanya vivyo hivyo kupitia Atlas mwaka 1951 na Hero ya Ludhiana mwaka 1956. Dar es Salaam nayo ilikuwa na NABICO, kampuni yetu ya umma ya baiskeli. Kufanana huku ndiko kunakofanya ufufuaji uwezekane leo. Madigadi ya Phoenix yanakaa kwenye Raleigh bila ugomvi. Keria ya Kihindi inakaa kwenye Humber. Unaweza kuikuta baiskeli moja ina viungo vya nchi tatu, na inatembea.

Je, wajua kwamba baiskeli iliingia katika moja ya mapigano makubwa ya pwani yetu? Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India kuiteka Tanga, kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliingia mjini usiku kwa baiskeli, akiwa na wenzake wawili, kupeleleza kabla ya mapambano. Waingereza walishindwa vibaya, wakaondoka.

Na mpira wa tairi una historia nzito kuliko hiyo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888 baada ya kumtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu isiyomrusharusha. Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya wazo hilo hilo miaka ya 1840, lakini wakati huo hapakuwa na baiskeli za kulipokea. Tairi la Dunlop lilipopendwa, dunia ikataka mpira kwa pupa. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji watu walilazimishwa kwenda msituni kugema utomvu, wakauawa na kukatwa mikono walipopungukiwa na kiwango. Huku kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira, yakashamiri kwa muda, halafu bei ikaporomoka mwaka 1913. Anayependa baiskeli za zamani anapaswa kulijua hili pamoja na ule uzuri wa korongo.

Si kila baiskeli iliyotupwa ni ya Kiingereza au ya Kichina. Siku hizi kontena za mitumba hushusha baiskeli za Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati. Tazama bomba la kiti. Ukikuta stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na namba ndefu, hiyo ni kumbukumbu ya kuzuia wizi: tangu miaka ya 1990 sheria ya Japani inamtaka kila mwenye baiskeli aiandikishe, na stika hutaja polisi wa mkoa ilikoandikishwa. Usiibandue. Baada ya miaka thelathini itakuwa ndiyo historia yenyewe.

Kuhusu wizi, neno moja kabla hujalipa. Mwombe muuzaji hati ya mauziano yenye namba ya fremu, na ikiwezekana mwandikiane mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji mwema hatakasirika.

Sasa kazi. Kinachowashinda wengi ni kotapini, ile pini iliyochongwa mshazari upande mmoja inayofunga mkono wa pedeli kwenye ekseli. Ikikaa miongo minne na kutu hujishika kabisa. Nilisimama kwa fundi mmoja mzee wa Gerezani, kijana wake akiwa tayari amenyanyua nyundo.

"Shikamoo, mzee. Nigonge?"

"Marahaba, mwanangu. Gonga, lakini umeishikilia na nini kwa chini?"

Hakuwa ameishikilia na kitu. Mzee akaokota kipande cha bomba nene, akakisimamisha sakafuni, akaulaza mkono wa pedeli juu yake ili kichwa cha pini kiingie ndani ya bomba. Akairudisha nati mpaka ikalingana na ncha ya pini, nyuzi zisije zikapondeka. Halafu pigo moja tu, zito, lililonyooka. Pini ikatoka. Ukigonga bila kuegemeza, nguvu yote hupita kwenye ekseli na kwenda kwa gololi, nazo huacha vishimo kwenye vikombe. Baiskeli itatembea, ila utasikia mkwaruzo kila unapokanyaga pedeli, maisha yake yote.

Ukishafungua, hesabu gololi kabla hujaziosha, maana kuna aliyefungua kabla yako na huenda alirudisha pungufu. Kwa kawaida ekseli ya pedeli hula gololi 11 za robo inchi kila upande. Habu ya mbele hula 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za robo inchi. Nunua mpya zote. Ni bei ndogo mno kwa kazi zinazofanya, na gololi moja kuukuu kati ya mpya ndiyo itakayobeba mzigo peke yake au kuukwepa kabisa.

Kwa kutu ya juu juu kwenye kromu huhitaji dawa ya dukani. Chukua karatasi ya fedha, hata ile ya ndani ya pakiti ya sigara, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchuna. Kwa nati na vipande vidogo, juisi ya ndimu au ukwaju inatosha, ile asidi ambayo bibi zetu wa pwani waling'arishia sinia za shaba. Viloweke, vitazame kila baada ya muda, visuuze, vikaushe juani mara moja na kuvipaka mafuta, la sivyo kutu mpya ya rangi ya chungwa itakuwa imeingia kabla ya jioni. Rangi ya fremu usiiloweke humo.

Na hapa kwenye rangi ndipo ninapogombana na watu. Fundi akishamaliza, kitu cha kwanza anachotaka kukufanyia, kwa heshima kabisa, ni kuipulizia baiskeli rangi mpya inayong'aa. Ukikubali, mistari ya dhahabu iliyochorwa kiwandani inapotea, maandishi ya Nottingham yanapotea, na hakuna atakayeyarudisha. Rangi ya asili iliyobaki hata robo ina thamani kuliko rangi mpya kamili. Ioshe kwa maji ya sabuni, kausha, pakaa nta ya gari, iache. Palipobaki chuma kitupu, gusia kwa brashi ndogo.

Swali gumu zaidi ni lile la mambo yaliyoongezwa huku. Baiskeli ya Kariakoo haikukaa kama ilivyoshuka melini. Keria imeimarishwa kwa nondo ili ibebe magunia ya mkaa. Foki imechomelewa vyuma vya ziada. Kwenye kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madigadi ya nyuma mtu ameandika jina la mwanawe au neno la kujipa moyo. Mkusanyaji wa Ulaya angeviondoa vyote aipate baiskeli ya mwaka 1955 kama ilivyokuwa dukani. Mimi naviacha, isipokuwa kile kinachohatarisha fremu. Nottingham ilifanya kazi yake kwa siku chache, na mtu wa hapa akaifanyia kazi baiskeli hiyo hiyo kwa miaka arobaini. Ule mkono wa mchomeleaji wa Gerezani ni sehemu ya historia sawasawa na mkono wa mchora mistari ya dhahabu, na kwa kuwa hakuna aliyeuandika mahali popote, ukiukata kwa msumeno umekwisha.

Ukiiunganisha tena, weka mnyororo kwenye kipimo kabla ya kuurudisha. Pini 25 mfululizo, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo umechoka, na utatafuna gia yenye korongo uliyotumia jasho kuisafisha. Angalia pia valvu. Tyubu nyingi za zamani zina valvu ya kimpira, ambayo upepo wake unashikwa na kipande chembamba cha mpira kilichovishwa juu ya chuma. Baiskeli "inayovuja" usiku kucha mara nyingi haina pancha hata moja. Kimpira kimekauka tu, na kipya ni cha bei ndogo.

Kotapini mpya hazikai sawa siku ya kwanza. Zunguka nayo kidogo, Mnazi Mmoja hadi Posta na kurudi panatosha, kisha zigonge tena taratibu ukiwa umeegemeza lile bomba kwa chini, na ukaze nati. Bila hivyo mkono wa pedeli utaanza kucheza, na pini italiwa upande.